Mkwe Hakagui

Twalibu bin Ngollo hakuwa na baba, maana marehemu alimwacha angali akibebwa mgongoni. Hakuwa na ng'ombe wa kutolea mahari. Hakuwa na mjomba ofisini, wala rafiki wa mjomba. Hakuwa na viatu vya ngozi, hakuwa na saa ya mkononi, wala cheti cha ufundi chenye picha na mhuri. Hakuwa na sauti ya kusimamia mkutanoni. Na zaidi ya yote hakuwa na pikipiki, jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu katika kijiji chote cha Itobela, njia ya kwendea Sikonge, hakuna mtu aliyezijua pikipiki kama yeye.

Alizijua kwa kujifunza. Kabla ya kurudi kijijini alikuwa kibarua mjini Tabora, akibeba magunia ya tumbaku. Jioni, wenzake walipokwenda kwenye pombe, yeye alikwenda kwenye masomo ya watu wazima, na siku za mapumziko alishinda kwenye karakana ya fundi mmoja aliyeitwa Anselm, akishika taa na kuuliza maswali. Mtu anayesoma akiwa amechoka hasahau upesi, maana kila neno amelinunua kwa usingizi wake. Fundi Anselm alikuwa akimwambia kwamba pikipiki iliyotumika ni kama mshitakiwa: ihoji ingali baridi, kwa sababu ikishapata moto imekwisha kupanga uongo wake.

Mwaka ninaousimulia ni ule wa pili baada ya watu kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Itobela ilikuwa na shule, ghala la asali, na zahanati yenye mganga msaidizi mmoja, kijana mpole aliyeitwa Marko. Lakini wafuga nyuki na familia zao walikuwa bado wakikaa miezi mingi mbali, ndani ya msitu wa miombo, na Marko alikuwa akiwafuata kwa baiskeli. Masika yaliyopita mama mmoja alijifungulia njiani juu ya machela, na mtoto hakuishi. Baada ya msiba ule halmashauri ya kijiji ikaamua kwamba fedha ya asali itanunua pikipiki, na si pikipiki yoyote, ila kubwa, yenye kiti kirefu, inayoweza kumbeba mgonjwa nyuma ya Marko.

Mpya zilikuwa hazipatikani. Siku zile hata taa ya baiskeli uliiandikia maombi. Ndipo ikasikika kwamba Gongoni, mjini, kuna mzee anauza pikipiki ya safari ndefu, ya Kiingereza, yenye silinda mbili na masanduku ya chuma ubavuni. Mzee huyo alikuwa Saidi Mabruki, fundi wa masanduku ya bati na vibatari. Naye Mzee Saidi alikuwa baba wa Batuli, binti ambaye Twalibu alikuwa amemposa. Barua ya posa ilikuwa imepokewa, majibu yalikuwa yamedokezwa kuwa mema, na kilichobaki kilikuwa wazee wa pande mbili kukutana Jumatatu iliyokuwa ikija.

Mwenyekiti wa kijiji, Anton, alipolisikia jina la muuzaji alifurahi sana. Aliwaambia wajumbe kwamba hii ni bahati ya kijiji kizima, kwani ni nani atakayemdanganya mkwe wake mwenyewe? Wajumbe wakaitikia. Wakaamua Twalibu aende mjini kwa lori la ushirika, aikague, na aandike barua ambayo lori lingerudi nayo siku ileile. Ikiwa nzima, Anton ataleta fedha. Ikiwa mbovu, wataitafuta nyingine, hata kama itawabidi kungoja masika mengine yapite.

Hapo wajumbe walikosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kwetu. Walidhani ukwe ni dhamana, wakasahau kwamba ukwe ni kamba.

Nieleze kidogo, kwa faida ya vijana wa sasa wanaoingia jikoni kwa mama mkwe na kufunua sufuria. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona njiani huacha njia. Alipokaa mama mkwe, yeye haendi. Wakiwa na neno la kuambiana, humwambia mtoto aliye karibu, na kama hakuna mtoto huwaambia kuku, na aliyekusudiwa husikia. Kwa baba mkwe ipo ruhusa ya kukaa na kuzungumza, lakini haipo ya kubisha. Na kitu cha mkweo hukikagui. Akikupa jembe bovu unashukuru, unalima nalo, na linapovunjika unalizika kimya kimya. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuyalegeza mambo haya, lakini Mwanamkuu, mkewe Mzee Saidi, alizaliwa upande wa Sikonge, na nyumba yake ilizishika mila kama ilivyoshika swala.

Twalibu alishuka kwenye lori Gongoni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alikuwa amekusudia kufika mapema ili aikute injini baridi. Mzee Saidi alimpokea barazani kwa kanzu safi na kofia, akapokea shikamoo yake kwa marahaba ndefu, akamwongoza kupitia ndani hadi mlango wa uani.

Pikipiki ilikuwa pale, chini ya upenu, nyeusi, imesuguliwa mpaka ikawa kama sufuria ya bibi harusi. Mzee Saidi aliiita Nyampara, kwa jina la viongozi wa misafara ya zamani, kwa sababu, alisema, haijapata kufuata gari lolote; siku zote ilitangulia.

Na pembeni ya Nyampara, juu ya mkeka, mgongo ukiwa karibu kuligusa gurudumu la nyuma, alikuwa amekaa Mwanamkuu akipepeta mchele.

Twalibu akasimama mlangoni kama aliyegonga ukuta. Akainamisha macho. Mama mkwe naye akauvuta ukaya wake usoni na kuendelea na ungo, polepole, kama mtu mwenye mchele wa kumtosha hata magharibi.

"Tazama, mwanangu," Mzee Saidi akasema. "Tazama upendavyo. Sina cha kuficha."

"Naona, baba."

"Umeridhika?"

"Inang'aa, baba."

Aliona alichoweza kukiona mtu aliyeinamisha kichwa. Tairi la mbele lilikuwa limelika upande mmoja. Kwenye shokapu za mbele vumbi lilikuwa limeganda kwa mafuta, maana yake mipira ya ndani imechoka na inavujisha. Chini ya injini mtu alikuwa amemwaga majivu mapya, ya kufunika mafuta yaliyodondoka. Kisha akasikia ekzosi ikilia tik, tik, tik, kama chuma kinavyolia kinapopoa. Pikipiki ilikuwa imewashwa muda si mrefu na kupashwa moto. Mshitakiwa alikuwa amekwisha kupanga uongo wake.

Alitaka kusema jambo. Jambo gani? Akiomba mama aondoke, amemfukuza mama mkwe kwenye ua wake mwenyewe. Akiomba pikipiki itolewe nje, amesema wazi kwamba haamini. Akarudi barazani, akakalia kigoda kilichokuwa chini kuliko viti vingine.

Baraza lilikuwa limejaa. Habari za pikipiki zilikuwa zimezunguka mtaa, na wanaume walikuja kunywa kahawa na kumtazama bwana harusi. Omari, muuza kahawa, alimjazia kikombe akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama mgeni amekuja kuoa au kukagua.

"Yote mawili," mwingine akajibu kwa niaba yake. "Amepewa ruhusa ya kukagua chuma tu. Kile kingine akikague Jumatatu, wazee wakiwepo."

"Aanze na meno," akasema Omari. "Punda unamtazama meno."

"Na mkwe unamtazama nini?"

"Mkwe unamtazama miguu. Kama imefungwa vizuri, huyo ni mkwe."

Wakacheka. Mzee Saidi naye alicheka, akampiga Twalibu begani, akawaambia wote kwamba barua itaandikwa leo, na kwamba Itobela itakuwa na pikipiki ambayo hata wilaya haina. Hakumuuliza Twalibu. Alisema kama mtu anayetangaza jua limechomoza. Twalibu alitabasamu, na kadiri alivyotabasamu ndivyo alivyozidi kuona kwamba kila mtu pale anamhesabu kuwa amekwisha kukubali.

Kahawa ilipokwisha aliomba kwa njia ndefu, akisema kwamba labda baba amechoka, na labda ingefaa yeye aizungushe kidogo ili aijue tabia yake. Mzee Saidi akakataa kwa upole. Mkwe wake hawezi kumwendesha yeye mjini kama gunia, na pikipiki haitoki pale bila mwenyewe. Twalibu apande nyuma.

Basi akapanda nyuma, mikono magotini, wakatoka Gongoni kwa kishindo na kuelekea Kwihara kwa ile njia ya zamani ya misafara. Alikuwa na kazi moja tu aliyoweza kuifanya pale, nayo ni kusikiliza kwa mwili. Alisikia gia ya tatu ikitaka kuchomoka kila walipopanda kilima. Mguu wa mzee uliishikilia bila mwenyewe kujua, kama mtu anavyoshikilia mlango mbovu huku akizungumza na mgeni. Waliposhuka kuelekea korongoni aligeuza kichwa, akaona moshi wa bluu ukiwafuata, dalili ya ringi zilizokwisha na injini inayokunywa mafuta yake yenyewe. Aliiona mikono ya mzee ikitikisika juu ya usukani. Mwanzo alidhani ni umri, kisha akaona kwamba ni usukani ndio unaoitikisa mikono; beringi za shingo zilikuwa zimelika. Haya yote yanatengenezeka, kwa fedha na kwa uvumilivu. Lakini kila mara gurudumu la nyuma lilipoingia shimoni, chini yake kitu kililia kama bawaba, na kiti kilikwenda kushoto wakati gurudumu lilikwenda kulia. Hilo lilimtoa jasho. Huenda ni shokapu, na huenda ni fremu. Shokapu hubadilishwa. Fremu ni uti wa mgongo.

Na muda wote huo Mzee Saidi alikuwa akizungumza, kichwa amekigeuza nusu ili upepo usimwibie maneno.

"Babu yangu alipita hapa na pembe begani," alisema. "Mimi nilipita na makaratasi ya chama ndani ya sanduku hilo unalolikanyaga. Kwenda Ujiji na kurudi. Polisi wakiuliza, nasema vibatari. Na Batuli alipozaliwa nilikuwa Uvinza. Nikageuza palepale, sikula, sikulala. Nyampara huyu ndiye aliyenifikisha."

Walisimama kwenye kivuli cha msitu mdogo ili injini ipumue. Hapo mzee akashusha sauti. Alisema kwamba haiuzi kwa kuichoka. Anaiuza kwa sababu binti hatoki nyumbani kwake mikono mitupu. Atatoka na kitanda, kabati na vyombo, asije mtu Gongoni akasema kwamba binti ya Saidi alikwenda kwa mumewe na bakuli moja. Alisema hivyo akilipapasa tangi la pikipiki kama mtu anavyompapasa ng'ombe wa mwisho.

Twalibu alimpenda mzee yule. Hapo ndipo shida yake ilipozidi, maana angekuwa tapeli tu, mambo yangekuwa mepesi. Mzee Saidi alikuwa ameipanda pikipiki ile muda mrefu kiasi kwamba makosa yake yalikuwa yamegeuka kuwa mazoea ya mwili wake, na mwili haujishitaki. Na hata hivyo aliipasha moto kabla mgeni hajafika. Na hata hivyo alimkalisha mkewe pale.

Waliporudi, Mzee Saidi aliirudisha pikipiki chini ya upenu, akamweka Twalibu kwenye chumba cha mbele, katikati ya masanduku ya bati ambayo hayajapakwa rangi, akampa kalamu, akasema lori litaondoka baada ya swala ya alasiri na lisicheleweshwe. Kisha akaenda kukaa kizingitini, miguu ameinyoosha, mlango wa barabarani ukawa wake. Mlango wa pili ulitazama uani, na uani alikuwapo Mwanamkuu na ungo wake. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo. Bati la paa lilikuwa limepata moto, na chumba kilinuka risasi ya kulehemu.

Twalibu akaitandika karatasi juu ya sanduku. Akaandika Ndugu Mwenyekiti, akaandika salamu, akaandika kwamba amefika salama. Kisha akaandika kwamba pikipiki ameiona nayo ni nzuri. Sentensi ile ilikaa pale vizuri, kwa mwandiko mzuri aliojifunza kwa taabu, na ilimtosha mtu yeyote asiyejua. Akaitazama. Akamwona Marko njiani, amembeba mama nyuma yake, na mama huyo amemshika kiunoni, na gia ya tatu inachomoka. Akaikata sentensi. Akamwona Batuli. Akachukua karatasi nyingine na kuanza tena Ndugu Mwenyekiti, na hapo akakwama. Kuandika kwamba ni nzima hakuweza. Kuandika kwamba ni mbovu pia hakuweza, kwa kuwa kitu chenyewe hasa, kile kinacholia chini ya kiti, hakukiona kwa macho, na mtu hawezi kuivunja heshima ya nyumba kwa kitu alichokisikia matakoni.

Ndipo Mwanamkuu akaanza kusema uani.

"Wewe tetea," alisema, "usije ukanitagia chini ya kiti cha hiyo pikipiki. Hapo pana makali. Masika yaliyopita chuma kilikatika, kikachomelewa, kikapakwa rangi. Kikakatika tena, kikapakwa rangi tena. Utaniumiza vifaranga."

Twalibu akaishusha kalamu. Barazani wanaume walikuwa wakicheka jambo lao. Ungo uliendelea kulia, mchele ukipanda na kushuka.

"Mtu akisema mimi namtetea mume wangu," Mwanamkuu akaendelea, "ni kweli, nitamtetea mpaka kaburini. Nimeambiwa nikae hapa nimekaa. Lakini wewe kuku hufikiri. Aibu ya leo ni ya nyumba hii tu, nasi tumezoea kufunga milango. Chuma kikimwangusha mgonjwa kule kijijini, aibu itakuwa ya kijiji kizima, na mwanangu ndiye atakayeishi humo. Kila akienda kisimani ataambiwa, huyo, binti ya yule. Sasa mchele umekwisha. Nakwenda kuuinjika, na mlango wa jiko naufunga, moshi usije ukamsumbua mtu."

Akasikika akiinuka. Mlango wa jiko ukafungwa kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Twalibu alikwenda uani kwa haraka. Alipiga magoti penye mkeka ambao ulikuwa bado una joto la mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile aliiona pikipiki kama alivyofundishwa kuiona. Aliingiza mkono chini ya kiti, mahali ambapo shokapu ya nyuma inashikana na fremu, akasugua rangi kwa kidole gumba chenye udongo. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na kovu la kuchomelea, na kando ya kovu ufa mpya uliokuwa umelipita kovu lenyewe kwa urefu. Aliishika keria akaitikisa. Ufa ukafunguka na kujifunga. Upande wa pili ulikuwa hivyohivyo, ila huko ufa ndio kwanza ulikuwa unaanza. Masanduku mazito ya safari, miaka yote ile ya mashimo ya njia ya Ujiji, yalikuwa yameuvunja mgongo wa Nyampara, na hakuna fundi Tabora ambaye angeweza kuurudishia nguvu yake.

Alirudi ndani. Sasa aliandika bila kusimama, na alikuwa akikunja karatasi Mzee Saidi alipoingia.

Mzee aliitazama barua, kisha akatazama chini.

"Magoti yako yana udongo."

"Ndiyo, baba."

"Umepiga magoti uani kwangu. Nani amekuruhusu?"

Twalibu hakumtaja mtu. Alisema ua ulikuwa wazi. Mzee Saidi akaketi juu ya sanduku moja la bati, likabonyea kidogo, na alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza jambo analolijua.

"Mimi nimeipanda miaka yote hii. Imeniua?"

"Haijakuua, baba, kwa sababu unaijua. Mguu wako unaishikilia gia bila kuambiwa. Mgongo wako unajua shimo lipi la kukwepa. Marko hajui, na nyuma yake atakuwepo mama mwenye uchungu."

"Kwa hiyo umewaandikia kwamba Saidi Mabruki ni tapeli."

"Sikuandika habari zako. Nimeandika habari za fremu."

"Soma."

Twalibu akaikunjua barua akasoma, kwa sauti ndogo ili barazani wasisikie. Aliandika kwamba pikipiki ina injini iliyochoka lakini inayotengenezeka, kwamba tangi halina kutu, na kwamba mwenyewe ameitunza kwa mapenzi makubwa. Aliandika kwamba fremu imepasuka nyuma pande mbili, imechomelewa na kupasuka tena, na kwamba haifai kubeba mtu wa pili, mzima wala mgonjwa. Aliandika kwamba hashauri inunuliwe, na kwamba ataendelea kutafuta nyingine mjini. Akasoma na jina lake.

Mzee Saidi akasema kwamba barua hiyo itasomwa mkutanoni. Twalibu akakubali. Mzee akasema, mbele ya watu walewale watakaokuja kula pilau ya binti yake, kama pilau itapikwa. Twalibu akakubali hilo pia.

"Basi andika hivi," mzee akasema, akainama mbele. "Andika kwamba ni nzuri. Fedha zikija, kabla hawajaichukua, mimi nitaichomelea upya, kwa chuma kinene. Nakuapia. Nani atajua? Wewe utapata mke, kijiji kitapata pikipiki, na mimi nitapata kumaliza uzee wangu bila kuchekwa."

Na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa mlango, na lilifunguliwa na mtu aliyekuwa akimwomba. Twalibu aliutazama. Aliona jinsi ambavyo angepita, na jinsi ambavyo kila siku ya mvua angekuwa amelala macho akisikiliza kama Marko amerudi.

"Chuma kilichopasuka pale hakichomelewi mara ya tatu, baba. Wewe ni fundi. Unajua."

Mzee Saidi hakusema kwamba hajui. Alisimama. "Jumatatu wazee wako watakuja," alisema. "Ukiifunga bahasha hiyo, sijui nitawajibu nini." Akaenda kukaa tena kizingitini.

Bahasha ilikuwa ile ya kijiji, yenye mhuri, ya zamani, na gundi yake ilikuwa imekauka kwa kiangazi. Twalibu aliilamba, ikafunguka. Akailamba tena, ikafunguka tena. Hakuweza kumpa dereva barua iliyo wazi ikasomwa njia nzima hadi Itobela. Akawa ameishika mkononi, hajui la kufanya, na huko nje lori likasikika likipiga honi.

Mlango wa uani ukasogea kidogo. Mkono wenye bangili ukaweka sakafuni kisahani chenye maua ya bluu, kisha ukatoweka. Juu ya kisahani palikuwa na bonge dogo la ugali, la moto, laini, jinsi watu wanavyolipika kwa kubandika bahasha.

Mzee Saidi aligeuka. Alikitazama kisahani. Kilikuwa cha vyombo vya mkewe, vile ambavyo havitolewi ila kwa wageni wakubwa. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama barua.

"Mke wangu anakulisha sasa," alisema polepole.

"Si cha kula, baba."

Mzee akageuza uso barabarani. Twalibu akachota ugali kwa kidole, akaupaka kwenye mdomo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaubana juu ya sanduku la bati kwa kiganja mpaka ukashika. Akaandika juu yake jina la Mwenyekiti Anton na jina la kijiji. Kisha akaenda mlangoni, na miguu ya baba mkwe ilikuwa imenyooka kutoka mwimo hadi mwimo. Kuiruka miguu ile ni tusi lisilo na dawa.

"Naomba njia, baba."

Wanaume wa barazani wakageuka. Omari alikuwa ameshika birika, hamimini. Mzee Saidi hakumtazama. Baada ya kitambo aliukunja mguu mmoja, ule wa karibu, ukapatikana upenyo wa mtu mwembamba kupita kwa ubavu, na Twalibu akapita.

Dereva alikuwa tayari ameshaingiza gia. Aliipokea bahasha kupitia dirishani, akaipima mkononi, akauliza kama ni nzito ya habari njema. Twalibu akamwambia aikabidhi kwa Anton mwenyewe. Dereva akaichomeka juu ya kioo, penye karatasi zake za ushirika, akauliza kama yeye hapandi. Twalibu akasema hapandi, ana Jumatatu.

Lori likaondoka na barua, likaacha vumbi. Yeye akabaki katikati ya barabara, uso wake umeuelekea mlango uleule, kwa kuwa Gongoni hakuwa na mahali pengine pa kulala.